Viriba Vilivyojitembeza Sokoni

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo alivyosema shangazi yenu asubuhi hii, alipopita yule muuza dawa ya mende na kipaza sauti chake akauamsha mtaa mzima. Mkacheka, kisha Salha akaniuliza, "Babu, nani aliyeanza kuisema hiyo?" Nikawaambia mningoje nimalize kahawa yangu. Nimemaliza. Sogeeni karibu, maana sauti yangu haina kipaza.

Mimi niliipokea habari hii kwa mama yangu mzazi. Alisema methali hii ilizaliwa mbali na kwetu, na vilivyoizaa ni viriba, ile mifuko ya ngozi ya kubebea maji. Siwezi kuapa kwa kila neno, kwa sababu mama alikuwa fundi wa kusimulia, na fundi haachi kutia chumvi. Lakini mambo yenyewe yalikwenda hivi.

Katika miaka ya mwanzo ya Uislamu, wakati wajukuu wa wale waliosilimu kwanza walikuwa ndio kwanza wanaota ndevu, palikuwa na mjane katika mji wa Taif, kule milimani Bara Arabu. Jina lake Raita binti Hudhaifa. Mumewe alipofariki alimwachia mashimo manne ya kulowekea ngozi, na watu wakadhani atayafukia. Hakuyafukia. Aliyaongeza yakawa kumi na mawili, akaajiri washonaji thelathini, na viriba vyake vya ngozi ya mbuzi vikawa vinabebwa na wasafiri hadi Yemen na Sham. Kiwanda chake kilikuwa nje ya mji, upande ambao upepo hauvumi kuelekea kwenye nyumba za watu. Alikijenga huko kwa ombi la mji mzima. Mnajua ngozi mbichi inavyonuka.

Raita alikuwa na sheria moja. Kila kiriba kikishonwa hujazwa maji, kikatundikwa siku tatu juu ya majivu. Tone moja tu likionekana kwenye majivu, kiriba kinafumuliwa na kushonwa upya. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Ummu Burda, bibi mmoja mzee asiye na jino hata moja, ambaye alikuwa akilala chali chini ya viriba na kuvikodolea macho kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

Ila Raita alikuwa na upungufu mmoja: hakujua kusifu mali yake. Mteja akimuuliza, "Je, kiriba hiki ni kizuri?" yeye hujibu, "Kishike." Basi. Hakuna neno la pili.

Katika mji huohuo alikuwako mfanyabiashara mwingine wa viriba, Jahdar bin Suwaid. Huyu ngozi zake zililowekwa siku mbili tu badala ya arobaini, na mishono yake ilizibwa kwa mafuta ya kondoo, kisha ikapambwa kwa shanga ili jicho lisiangalie sana. Lakini alikuwa na mdomo! Jahdar angeweza kumuuzia mwenye upara kitana, na mwenye upara akaenda zake akishukuru.

Jahdar alitaka kumwoa Raita. Tuseme kweli: alitaka kuyaoa yale mashimo kumi na mawili. Akatuma wajumbe mara ya kwanza, Raita akasema, "Mwambieni nimesikia." Akatuma mara ya pili, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu akaja mwenyewe, juu ya ngamia aliyefungwa vishada vyekundu, na mbele yake mshairi wa kukodi akiimba kwamba Jahdar ni mwezi wa usiku wa kumi na nne, tena ni mvua ya msimu, tena ni simba.

Ummu Burda akachungulia dirishani. "Mvua na mwezi haviji pamoja," akasema. "Achague kimoja."

Sasa, Raita alikuwa na shemeji yake, Naufal, kaka wa marehemu mumewe. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza mji unasema nini. Siku moja, mbele ya wageni, akamwambia Raita, "Shemeji, mkubalie Jahdar. Kazi ya soko inataka mtu wa kusema. Wewe unakaa kwenye kibanda chako kimya kama jiwe. Watu wanacheka."

Raita, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, siku hiyo alikuwa ametoka kufumua viriba sita. Damu ikampanda. "Soko kubwa la mwaka huu ni la siku ishirini," akasema. "Nisipomaliza kuuza viriba vyangu mia tatu hali nimekaa hivihivi kimya, nitaolewa na huyo Jahdar wenu."

Ummu Burda alikuwa ameshikilia sindano kwa ufizi. Nusura aimeze.

Dini imempa mjane kauli yake mwenyewe, na Raita alilijua hilo. Hapakuwa na wa kumlazimisha. Lakini maneno yalikwisha kumtoka mbele ya mashahidi, naye hakuwa mtu wa kuyala matapishi yake. Akaenda sokoni.

Soko hilo lilikuwa uwanjani, mwendo wa siku moja kutoka Taif, na watu walilijia kutoka kila upande. Jahdar akasimamisha hema lenye milia, akaweka mpiga ngoma, wapiga mbiu wawili na yule mshairi wake. Raita akatandika jamvi chini ya kivuli cha turubai. Akasimamisha miti mitatu, akatundika kiriba kimoja kilichojaa maji, akaweka kikombe kando ili mpita njia mwenye kiu anywe. Kisha akakaa.

Watu wakaja, wakanywa. Wakamwombea dua, wakafuta midomo, wakaenda kununua kwa Jahdar.

Siku ya kumi ilipofika, alikuwa ameuza viriba kumi na kimoja. Siku ya kumi na tano, kumi na tisa. Jahdar akaja, akainama kwa adabu nyingi, akauliza, "Ewe binti Hudhaifa, hema la harusi ungependa liwe la milia kama lile langu, au jeupe?"

Raita akaendelea kujaza kiriba chake. Lakini Jahdar alipoondoka, Ummu Burda aliona kwamba mkate wa Raita haujaguswa tangu asubuhi.

"Mwanangu," akamwambia, "hii siyo dhambi. Piga ukelele kidogo tu. Au niache nipige mimi. Meno sina, lakini sauti ninayo."

Raita akatafakari. Akayakumbuka mashimo yake, na wale washonaji thelathini, na ule mdomo wa Jahdar ukisema mbele yake kila asubuhi mpaka Mungu atakapomchukua mmoja wao. Akasimama. Akakohoa. Akafungua kinywa: "Vi... viriba..."

Punda wa jirani akaitikia kwa sauti kubwa. Watu wote wakageuka kumtazama punda. Raita akakaa chini na hakusimama tena.

Siku ya kumi na nane, asubuhi, akafika sokoni mtu aitwaye Ghanim bin Wabra. Huyu alikuwa kiongozi wa misafara, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Alikuwa anakwenda kuwavusha watu mia mbili, wake kwa waume, katika jangwa la mwendo wa siku saba lisilo na kisima. Miaka miwili nyuma, katika njia hiyohiyo, kiriba kimoja kilipasuka mshono bila mtu kujua, na Ghanim akawazika wenzake wawili mchangani. Tangu hapo hakununua kiriba kwa kusimuliwa. Alitaka viriba mia mbili na themanini, na habari hiyo ikaenea sokoni kabla hajafunga ngamia wake.

Jahdar aliposikia, hakumngoja hemani. "Kiriba hakisifiwi kikiwa kimelala!" akasema. Akaamuru viriba kumi na viwili vijazwe maji, vyote vile vyenye shanga. Kumi vikaning'inizwa ubavuni mwa ngamia, na viwili akavipakata mwenyewe mapajani, akapanda. Ngoma mbele, mshairi kando, wakaanza kumfuata Ghanim popote alipokwenda.

Ghanim akaenda kwa wauza tende, Jahdar nyuma yake. Akaenda kwa wauza kamba, Jahdar huyo. Akazunguka soko zima mara moja, ngoma ikazunguka naye. Akazunguka mara ya pili, kwa kuwa hakuwa mtu wa haraka. Na kwa kweli viriba vilionekana vya kupendeza, shanga zikimetameta.

Lakini jua lilikuwa linapanda, na mafuta ya kondoo hayana urafiki na jua.

Tone la kwanza liliangukia mguu wa ngamia, hakuna aliyeliona. Kisha likaja la pili. Baada ya kitambo kidogo, nyuma ya msafara ule palikuwa na mstari wa maji mchangani, na juu ya mstari mbuzi wanne wakifuata na kulamba. Kisha wakawa tisa. Mshairi, ambaye alikuwa mbele na haoni kitu, ndipo akafika kwenye ubeti wake alioupenda kuliko zote, akaimba kwa hisia:

"Ewe Jahdar, ewe mvua ya ukarimu,
umwagikaye pasipo kuombwa!"

Soko likaanza kucheka. Jahdar akadhani wanafurahia shairi, akapunga mkono.

Wakafika mbele ya jamvi la Raita, na hapo Ghanim akasimama. Jahdar akaona huu ndio wakati. Akamlaza ngamia, akashuka kwa madaha, akanyoosha mikono. Joho lake lilikuwa la hariri ya rangi ya majani makavu, na kuanzia kiunoni hadi kwenye nyayo lilikuwa chepechepe.

Ngoma ikanyamaza. Kila mtu akaangalia palepale, kisha kila mtu akajifanya kuangalia kwingine. Mzee mmoja muuza chumvi, mwenye huruma, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikiwa na wote, "Bwana, kule nyuma ya mahema pana faragha. Na wala usione haya. Hata mimi, tangu nitimize miaka sitini..."

"Haya ni maji!" akafoka Jahdar.

"Hatukusema kwamba ni maziwa," akajibu yule mzee.

Ghanim akamtazama Jahdar juu, akamtazama chini. "Nieleze, bwana," akasema polepole. "Kilichovuja ni wewe, au ni viriba?"

Jahdar akafungua kinywa. Wanasema ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aachishwe ziwa kufungua kinywa pasitoke neno. Akisema ni viriba, biashara yake imekufa. Akisema ni yeye, atakwenda wapi tena duniani? Akamtazama mshairi wake. Mshairi alikuwa anayaangalia mawingu, na siku hiyo hapakuwa na wingu.

"Ni... ni viriba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Ghanim akageuka. Akakitazama kile kiriba cha Raita kilichotundikwa kwenye miti mitatu. Akapiga magoti, akapitisha kiganja chini yake, akachota mchanga. Ulikuwa vumbi tupu; upepo ukaupeperusha kutoka vidoleni mwake. Akapapasa mshono mzima, juu hadi chini.

"Kimetundikwa lini hiki?"

"Siku ya kwanza ya soko," akasema Raita. "Kikipungua kwa wanywaji, tunakijaza."

"Nimepita hapa mara mbili leo. Mbona hukuniita?"

Raita akainua macho. Labda ni uchovu, labda ni njaa ya siku tatu, lakini kwa mara moja maishani aliisifu mali yake, tena kwa maneno mawili mazima. "Bwana," akasema, "kizuri chajiuza."

Ummu Burda alikuwa amejizuia siku kumi na nane nzima. Akamwangalia Jahdar aliyekuwa anakamua pindo la joho lake huku mbuzi wakimzingira, na uvumilivu ukamwishia. "Na kibaya," akapaza sauti, "chajitembeza!"

Watu wakaishika kauli hiyo palepale. Waliokuwa nyuma waliwauliza waliokuwa mbele kimesemwa nini, wakaambiwa, wakaipeleka kwa wauza tende, na wauza tende wakaondoka nayo hadi makwao. Ghanim akachukua viriba vyote, na kile cha kwenye miti pia, akasema hicho atakibeba mwenyewe. Naye Naufal akaonekana jioni ile akiwaambia watu, "Mimi nilisema tangu mwanzo, shemeji yangu anaijua kazi yake."

Sasa mnataka kujua kama Raita aliolewa. Naam. Ghanim aliwavusha watu wake mia mbili wote, na mwaka uliofuata akapitia Taif kushukuru. Akakaa kiwandani, akanywa maji, hakusema kitu, akaenda zake. Mwaka wa pili akaja tena, akanywa maji, akanyamaza, akaenda. Mwaka wa tatu Raita aliona kwamba kwa mwendo huu watazeeka wote wawili. Akamtuma Ummu Burda ampelekee posa.

Usinikatize, Salha, najua unachotaka kusema: basi na yeye alijitembeza! Nami nilimwuliza mama hivyohivyo. Mama akanijibu, "Raita siku hiyo hakuwa anauza, mwanangu. Alikuwa ananunua. Na mnunuzi ana ruhusa ya kutembea."

Ghanim alipoletewa posa alijibu neno moja tu: "Nishikeni." Ummu Burda akarudi nalo mbio, akilicheka njia nzima.

Kwa hiyo mkimwona mtu anajisifu, awe na dawa ya mende au awe na joho la hariri, msigombane naye. Mwacheni azunguke soko mara mbili, jua lipande. Nanyi, mkiwa na kazi ya mikono yenu, itundikeni mahali watu wanapoiona, kisha mvumilie, ijapokuwa kuvumilia huko kunakosesha hamu ya chakula. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.