Tone la Chooni

Mficha uchi hazai. Methali hii wenye haya huisema kwa kunong'ona, na wakorofi huicheka. Lakini wahenga hawakuitunga kwa utani. Walimaanisha kwamba anayeficha shida yake kwa kuona aibu hapati wa kumsaidia, na lile analolitamani halimfikii. Mwanabaraka wa Pujini aliisikia tangu utotoni. Kuijua aliijua, kuielewa ndiko kulikotaka kumtoa roho.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa, karafuu zikikaribia kuchumwa. Mwanabaraka alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na ya pili ilipoharibika watu walisema wazi kwamba ana shetani asiyetaka mtoto. Ndugu za mumewe wakaanza kumtajia Silima majina ya wanawali. Silima, mpagazi wa magunia bandarini Wesha, aliwajibu neno moja tu: "Naingoja hii." Neno hilo lilimkaa Mwanabaraka kooni kama mwiba wa samaki.

Basi asubuhi moja, akiwa chooni, akasikia: ndo... ndo... ndo.

Choo chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kidogo cha mawe na chokaa. Sakafu yake ilikuwa imelazwa juu ya boriti, na chini yake shimo refu. Pembeni palijengwa birika la maji, na kata ya kifuu ilining'inia ukutani. Sauti ilitoka chini, gizani. Mwanabaraka alitaka kusoma Ayatul Kursiyu, akakumbuka alipo. Chooni jina la Mungu halitajwi. Dua huachwa mlangoni. Mahali pengine popote angejikinga, lakini humu hakuwa na kinga yoyote.

"Mwanabaraka! Umo?" aliita Bi Mwatum kutoka uani. Huyo ndiye mavyaa yake, mama mzazi wa Silima.

Chooni pia watu hawazungumzi. Mtu akiitwa hukohoa tu, ijulikane kuwa yumo. Mwanabaraka akakohoa.

Alipotoka angeweza kusema. Hakusema. Angesema nini? Kwamba yule shetani amerudi? Maneno hayo yangefika Wesha kabla ya jua kuchwa, na Silima asingengoja tena. Akayameza.

Kila asubuhi alikwenda kisimani, akalijaza birika mpaka pomoni, kisha akaingia. Na kila asubuhi shetani alikuwa akimsubiri. Ndo, ndo, ndo. Akapata hila yake: akaacha kunywa maji ili asiende chooni. Akajibana tangu asubuhi mpaka alasiri, machozi yakimlengalenga. Siku ya kumi mkojo ukaanza kumchoma kama pilipili, kiuno kikamkatika, homa ikampanda, na tumbo likawa linakaza na kuachia. Hapo alitishika kweli kweli. Aliyajua maumivu yale, maana ndivyo zilivyoanza zile mbili.

Bi Mwatum akamwita Bi Mize, mkunga, kibibi mkavu, mwepesi kama kuti, na ulimi wake haukuwa na pazia.

"Tangu lini hukojoi sawasawa?" akauliza, mkono wake juu ya tumbo.

"Nakojoa, bibi."

"Mwongo we! Midomo imekupasuka kama udongo wa kiangazi. Kwa nini hunywi maji?"

Mwanabaraka akauuma upindo wa kanga.

"Mwanangu," Bi Mize akasema, sasa kwa upole, "miye nishakuona ulivyo wote. Hukubakisha cha kunificha. Huyu mtoto anataka kutoka leo, na leo si siku yake. Sema!"

Tumbo likakaza tena. Mwanabaraka akaangua kilio. "Chooni mna shetani, bibi. Anadondoka. Ananingoja mimi. Anamtaka mtoto!"

Bi Mwatum akajitupa kitini. "Hata miye n'namsikia," akasema. "Mwezi mzima sasa. Kwani mnadhani kwa jirani yetu Bi Hija nakwenda kuzungumza kila asubuhi? Nakwenda chooni! Niliogopa kusema, nisije nikamtia hofu mwenye mimba."

"Salala! Nyumba moja, shetani mmoja, na kila mtu anamficha wake!" Bi Mize akamgeukia Mwanabaraka. "Hudondoka saa ngapi?"

"Asubuhi, nikishateka maji. Alasiri huwa kimya."

"Shetani gani huyo anayengoja kutekewa maji?"

Bi Mize akafungua kifurushi chake, akatoa manjano aliyokuwa akiwasingia wanawake waliojifungua, akayakoroga ndani ya birika ambalo Bi Mwatum alikuwa amelijaza asubuhi ile. Kisha akamsimamisha Bi Mwatum uani na kioo, aelekeze mwanga wa jua upite mlangoni mpaka kwenye tundu la choo. Mwanabaraka, aliyekatazwa kuinuka, aliwatazama kupitia dirishani huku amekumbatia tumbo. Bi Mize akaingia, akainama.

Akakaa huko kitambo. Mara akatoka kinyumenyume, polepole, kwa ncha za vidole. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hakutamka neno mpaka alipovuka kizingiti.

"Nipe mchi."

"Umemwona?" Bi Mwatum akauliza.

"Nimeona tone la njano."

Akasimama nje ya mlango, akaupiga mchi sakafuni mara moja, mara mbili. Mara ya tatu sakafu ikalia, kisha pale pale panapochuchumaliwa pakadidimia, mawe na chokaa vikaporomoka shimoni kwa kishindo. Kwenye ukingo uliobaki boriti ilionekana, imelowa njano, inameguka kama muhogo uliochemshwa.

Birika lilikuwa na ufa karibu na mdomo, upande wa ukutani; likijaa likavuja, maji yakipungua likanyamaza. Maji yalipita humo, yakaifuata boriti, yakaiozesha, yakadondoka shimoni. Shetani hakuwapo. Mauti ndiyo yaliyokuwapo, na Mwanabaraka alikuwa akiyachuchumalia kila siku na mimba yake, akiitwa anakohoa.

"Kesho," Bi Mize akasema, "au kesho kutwa..." Akauegemeza mchi ukutani.

"Naogopa, mama," Mwanabaraka akasema. Bi Mwatum akaja akamshika.

Silima akaitwa, akampeleka mkewe hospitali Chake, ambako mkewe alipewa dawa ya mkojo, na maji akanyweshwa asubuhi na jioni. Tumbo likatulia. Choo kikachimbwa kipya.

Miezi miwili baadaye uchungu ukamshika. Mwanabaraka akauma upindo wa kanga, akajikaza, na kwa mazoea akakohoa.

"We!" Bi Mize akamkaripia. "Hapa si chooni. Piga kelele!"

Akapiga kelele, Pujini nzima ikamsikia. Punde kikafuata kilio kingine, chembamba, ambacho hakikuwa chake. Bi Mwatum akampokea mjukuu wa kike kwa kanga, machozi yakimtiririka, na Silima huko nje akasujudu mchangani. Ama kweli, mficha uchi hazai.