Mundhiri na Wanywaji wa Ainu Salwa

Katika enzi za Sultani Badrani bin Sharwani, aliyetawala mji wa Zafarani ulio ukingoni mwa jangwa, aliishi mshonaji wa matandiko ya ngamia aitwaye Mundhiri, na mtu huyo alikuwa hodari wa kazi na mchache wa maneno, na mwaka wa tisa ulikuwa ukipita tangu arudi kutoka jangwani peke yake, hali alikwenda na mdogo wake, Hilali. Watu wote, na wa kwanza wao mama yao Bi Raihana, waliambiwa kwamba tufani ya mchanga iliwatenganisha. Mundhiri peke yake alijua kwamba hapakuwa na tufani. Palikuwa na kiriba kimoja cha maji, na Hilali amelala kando ya jiwe kwa homa, naye Mundhiri akakichukua kiriba akaondoka, akijiambia kwamba angerudi na msaada, na hakurudi.

Na Sultani alikuwa na jini aitwaye Dahmani, aliyefungwa kwa pete tangu zama za mababu awe kiongozi wa njia. Siku moja kila mwaka aliwachukua watu saba asubuhi hadi Ainu Salwa, chemchemi ya kale iliyo katikati ya jangwa, mwendo wa siku kumi na tano kwa ngamia, akawatembeza, na akawarudisha siku ile ile kabla ya magharibi. Nao waliokufa kwa kiu jangwani, ilisemwa, huishi pale wakinywa.

Mundhiri akaenda barazani akapiga magoti. "Ewe maulana, mtumwa wako anaomba nafasi katika safari ya Dahmani."

"Unakwenda kutazama nini?" Sultani akauliza.

"Ndugu yangu, maulana."

Sultani akainamisha kichwa kukubali.

Basi siku ilipofika, Dahmani akawafunika wale saba kwa joho lake, na walipofunuliwa wakaona mitende isiyo na hesabu na kuta za udongo na chumvi ziking'aa juani. "Huu ni ukuta wa Malkia Thurea," jini akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara elfu, "na ule ni mfereji uliochimbwa na watu mia nne. Tazameni mpendavyo, ila maji msinywe. Anywaye hubaki."

Wenzake wakastaajabia nakshi za milango, lakini Mundhiri alikuwa amekwisha kumwona Hilali. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji akisokota kamba ya makuti, kijana yule yule, hali ndevu za Mundhiri zimeingia mvi.

"Karibu, mgeni," Hilali akasema. "Umechoka. Kaa kivulini."

Mundhiri akamgeukia jini. "Ewe Dahmani, mbona hanijui?"

"Maji haya humsahaulisha mtu kiu yake, na wewe umo ndani ya kiu ile. Nikimgusa kipaji cha uso atakukumbuka, na utaweza kumwomba radhi. Lakini atakumbuka na jiwe, na homa, na siku tatu alizokaa akiitazama njia uliyopita."

"Siku tatu?"

"Tatu. Na kila upepo ulipovuma alidhani ni wewe."

Mundhiri akauma kidole chake mpaka damu ikatoka. Miaka tisa alikuwa ameyatunga maneno ya kuomba radhi. Kisha akasema, "Mwache. Usimguse."

Akaenda akaketi karibu na nduguye.

"Una ndugu, mgeni?" Hilali akauliza.

"Ninaye mmoja. Yuko mahali pazuri, lakini hanijui tena."

"Pole sana." Hilali akateka maji kwa kikombe cha shaba akamnyoshea. "Kunywa, moyo upoe."

Na Mundhiri akakipokea kikombe, akayatazama yale maji ambayo yangemsahaulisha yote, na akamkumbuka mama yake, ambaye angekuwa amepoteza wana wawili. Akakirudisha. "Kunywa wewe, ndugu yangu. Nataka kukuona ukinywa."

Hilali akacheka kwa mshangao, akanywa mpaka tone la mwisho. Na Mundhiri akalitazama koo lile likipanda na kushuka.

Alasiri alikuwa Zafarani, mbele ya mama yake aliyekuwa akichagua dengu. "Mama, hapakuwa na tufani," akasema, na akamweleza yote, hata zile siku tatu.

Bi Raihana akaacha kuchagua dengu. "Anakunywa?"

"Amekunywa mbele yangu, mama."

"Akashiba?"

"Akashiba."

Ndipo akausukuma ungo kando. Miaka tisa aliwakataza watu kumwekea mwanawe matanga, akisema yu hai, yuko njiani. "Nenda ukawaite majirani," akasema. "Tuna msiba. Nao uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

Mundhiri akasimama mlangoni akawaambia, na wengine hawakumwamkia tena mpaka kufa kwao. Yeye na mama yake wakaomboleza siku arobaini chini ya dari moja, naye mama hakumwambia kamwe kama amemsamehe, ila kila jioni alimtengea chakula.

Hayo ndiyo yaliyompata mshonaji wa Zafarani, kama yalivyotufikia. Na ayasikiaye ajue kwamba kukiri hakumrudishi aliyekwenda, lakini huwapa waliobaki ruhusa ya kumlilia.