Kwa Nini Mlevi Ana Majina Mengi na Ulimi Mzito

Sogeeni. Na wewe Makame, acha kucheka, sijasema kitu bado. Mmeniuliza kwa nini mtu akilewa anaitwa kila jina isipokuwa hilo lenyewe. Haya, nipeni masikio, mdomo ninao.

Enzi hizo ulimi ndio uliokuwa hakimu. Mtu akisema uongo, ulimi wake ulivimba papo hapo ukaning'inia nje mpaka magharibi. Basi watu walisema kweli, si kwa wema wao, kwa kuogopa aibu tu. Na ulevi ulikuwa na neno moja. Fulani kalewa, au hajalewa, kwisha.

Palikuwa na mgema akiitwa Kombo, mtu mwema jamani, ila tembo lake alilionja kuliko wanunuzi walivyolinywa. Binti yake, Siwema, akaposwa na kijana wa kijiji cha pili, nao walipendana haswa. Lakini babu wa kijana, Mzee Nyenje, mtu mkavu asiyejua mzaha, akaweka sharti: siku ya harusi akimkuta baba mtu kalewa, anageuza na mjukuu wake, na posa imekufa. Siwema akamlilia baba yake. Kombo akaapa hatagusa hata tone, na ulimi haukumvimba, kwa kuwa alipokuwa akiapa alikusudia kweli.

Asubuhi ya harusi akapanda mnazi kugema la wageni. Akasema aonje kidogo, wasije wakanyweshwa lililochacha. Kuonja kidogo! Mgema gani huyo? Wageni walipoingia uani, Kombo alikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya dimbwi, anayachapa maji kwa bakora na kuyaamuru yampishe, ana wakwe.

Mzee Nyenje akasikia kishindo. Akamwuliza mke wa Kombo, Bi Riziki, "Bibi, mumeo kalewa?"

Moyo ukampasuka Bi Riziki. Akikubali, mwanawe hana harusi. Akikana, ulimi huo nje mbele ya wakwe. Akachungulia nyuma, akajibu taratibu, "Anapiga maji." Watu wote wakamtazama mdomo. Ulimi umetulia.

Mzee akamgeukia jirani yao, Mshamu. Wakati huo Kombo alikwisha toka dimbwini, kaubeba mtungi wa tembo kichwani. "Ameutwika, mzee," akasema Mshamu, na ulimi wake salama. Akaulizwa mpiga ngoma. Kombo sasa anaimba, na wimbo wote ni tilalila, tilalila. Mpiga ngoma akasema, "Mie namsikia yuko tilalila tu."

Akabaki bibi harusi. Mzee Nyenje akamwinamia. "Mjukuu wangu, niambie wewe. Babako kalewa?"

Siwema akafuta machozi. "Babu, baba yangu leo kila mkwe anamwona wawili, na wote anawapenda."

Yule mzee mkavu akainuka. Akamtazama binti, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anasubiri mlangoni. Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu bwana hajalewa. Harusi iendelee."

Loo! Ulimi wake ukavimba pale pale, ukaanguka mpaka kidevuni. Akaketi nao nje harusi nzima, biriani linapita, yeye analinusa. Na hakuna aliyemcheka, ila Kombo alimwonea huruma, akamwuliza kama kalewa.

Ulimi ukaona haya. Waliokwepa wamekula wakashiba, na aliyesema uongo wa huruma kashinda na njaa. Ukajiuzulu uhakimu.

Na tangu siku hiyo waongo hawavimbi. Watu nao wakayachukua maneno ya harusi ile wakayazidisha: kapiga maji, kautwika, yuko tilalila, kavaa miwani, chakari, bwi. Wake wakishalijua moja, waume wanazua jingine. Ila ulimi haukumsamehe Kombo. Ndiyo maana mpaka leo ulimi wa mlevi huwa mzito, ajitangaze mwenyewe.

Sasa wewe Makame, ulipofika hapa ulinipa "shikamuu." Mkeo alikuwa ukumbini, akaniuliza una nini. Nikamwambia umepigwa na jua.

Haya, angalieni ulimi wangu. Umevimba?