Mbuzi Waliohamia kwa Bi Siwatu

Siku ya ukaguzi wa kaya maskini, Mwenyekiti wa kijiji, ambaye naye alikuwa amejiandikisha kama maskini wa kupewa msaada, aliswaga mbuzi wake kumi na wawili hadi kwa jirani yake mjane, Bi Siwatu.

"Ukiulizwa, sema ni wako."

"Na mimi si watanifuta kwenye orodha?"

"Hilo shauri yako."

Ofisa alipofika aliuliza mbuzi ni wa nani.

"Wangu," alisema Siwatu. "Muulize Mwenyekiti."

Mwenyekiti aliapa kwamba ni wa mjane. Ofisa akaandika kwenye fomu kwamba mbuzi ni wa Siwatu, akamfuta kwenye orodha, na Mwenyekiti akaigonga fomu muhuri.

Jioni alirudi na fimbo kuwachukua mbuzi. Siwatu alimpokea mlangoni, nakala ya fomu mkononi.

"Usijali, Mwenyekiti. Nikichinja, maskini wa kwanza kumkumbuka ni wewe."