Mlango Usioingiwa na Mtu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliokula juzi! Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kilio cha kichanga kiliadimika kijijini. Asubuhi jii. Jioni jii. Watu wakasema, na watu kwa kusema mwawajua: mara wanawake wanakunywa mizizi ya kuzuia mimba, mara wamerogwa.

Jumbe akapiga ngoma, ndu! ndu! ndu! “Mavuno yakiisha, mke asiye na mimba arudi kwao!”

Siwatu, naye hana mimba, akasikia, roho ikamruka. Alimpenda mumewe, msuka mikeka. Nasikia walikuwa wakicheka chumbani mpaka kuku wanaamka. Akamkimbilia Bibi Nyamvula, mkunga aliyempokea kila mtu pale, Jumbe mwenyewe hakubaki.

“Bibi, naogopa kuzaa.”

“Waogopa uchungu?”

“Naogopa siku ya pili.”

Bibi akainuka. Akatwaa mkongojo, ko! ko! ko! mpaka kwa Jumbe.

“We Jumbe, uliyenikojolea mapajani, inuka! Njoo tukae kibarazani kwa Mwanamvua, aliyejifungua juzijuzi.”

Wakakaa. Mwanamvua akatoka, mtoto mgongoni. Akatwanga, twa! twa! twa! Akaenda kisimani, akarudi akiyumba. Mtoto akalia, uji ukaungua. Jua likapanda, jua likashuka.

“Nani ameingia mlango huu, Jumbe?”

“Hakuna.”

“Ulipozaliwa wewe, huyu alitwanga, huyu aliteka maji, huyu alimkanda mama yako. Mlango haukufungwa mpaka arobaini. Wewe ukaamuru kila mtu asitoke shambani kwake, ghala lako lijae. Limejaa. Haya, lipakate, uliimbie!”

Jumbe akainuka na kilemba chake, akautwaa mtungi wa Mwanamvua, akashuka kisimani.

Wallahi, kijiji kilishika vinywa. Hakuna aliyecheka. Siwatu alimwona akipanda, mtungi kichwani, maji yakimchuruzika ndevuni, mwili ukamsisimka kama aliyeona mlima unatembea. Nyuma ya Jumbe akaja mtu na kuni. Akaja mwingine na mchi. Wakaingia, wakaingia, wakaingia.

Jioni ile Jumbe alizifuta amri zake zote mbili.

“Bibi,” Siwatu akanong'ona, “sasa nataka mtoto.”

“Waninong'oneza mimi nifanyeje, mjinga we? Kamwambie mumeo!”

Hadithi yangu imekomea hapo. Nanyi mnaowauliza wake za watu watazaa lini, kwanza kawatwangieni waliokwisha kuzaa.