Gugu Lililopewa Jembe

Paukwa, wajukuu zangu!

Pakawa, bibi!

Hapo kale, mimi nikiwa mdogo kuliko huyu kitindamimba wenu, mafuriko yalileta gugu kwenye bwawa letu. Jani pana, ua la zambarau, zuri la kutazama. Likatanda, likatanda, likatanda, hata mtungi ukakosa pa kuchotea. Tukaling'oa, likarudi. Mashamba nayo yalikuwa yamechoka, mahindi hayapiti goti. Jumbe Kapufi akatangaza kwamba mvua zijazo zisipotupa mavuno, kijiji kinahama.

Jirani yetu, Bibi Kalunde, hakutaka kuhama. Mumewe na wanawe wawili walizikwa nyuma ya nyumba yake. Nani angewapalilia makaburi?

Alikuwa ameona kwamba palipo na minyoo myekundu, samadi hugeuka udongo mweusi, laini. Basi akang'oa gugu, pu! Akalitupa juu ya minyoo ya kwenye samadi yake, lingali linachuruzika maji. Kulipokucha, minyoo yote imekimbilia nje. Kuku wakala wakashiba.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jumbe, aliyekuwa mtani wake, akapita pale.

"Kalunde, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako hata maji hayajamkauka, umeshamtuma shamba?"

Bibi Kalunde akalitazama lile gugu lililolowa. Kisha akacheka peke yake.

Akang'oa gugu jingine. Siku ya kwanza akalianika. Siku ya pili akaligeuza. Siku ya tatu limenyauka, akalikatakata, kacha, kacha, kacha, akalichanganya na samadi kuukuu kivulini, akatia minyoo, akafunika kwa majani ya mgomba. Minyoo ikatulia. Nililaza sikio pale nikaisikia ikila: chwa, chwa, chwa.

Miezi mitatu, rundo likawa udongo unaonukia kama mvua ya kwanza. Akautia kwenye mashimo ya mbegu zake.

Mvua zikanyesha, lakini kwenye mashamba ya wengine mahindi yakaishia gotini tena. Jumbe akaja kumwambia afunge mizigo, asimwone.

"Kalunde, uko wapi?"

"Huku kwenye mahindi, na mgeni wangu. Analima."

Mahindi yalikuwa yamempita kimo. Jumbe akaupapasa ule udongo mweusi. Akakunja shuka yake, akaingia bwawani, chubwi! Akaanza kung'oa gugu. Kijiji kizima kikamfuata. Hakuna aliyehama.

Sasa Bibi Kalunde amelala pale pale, kando ya mumewe. Ninayepalilia ni mimi.

Basi, wanangu, kisichotakiwa kitafutieni kazi, ila kwanza kipeni siku zake mbili.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mabega aibebe.