Kiwewe Kilivyomshika Ngiri

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kaondokea nani?"
"Kaondokea mwenye njaa!"

Hii sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo! Nilijibanza nyuma ya kinu, nikatazama kwa macho yangu manne, mawili ya akiba.

Basi palikuwa na Nguchiro, mdogo, ungeweza kumtia mfukoni ukamsahau. Jirani yake Ngiri, shingo kama gunia la mkaa, akipiga chafya hapa, majongoo wa kijiji cha tatu wanajikunja. Kila adhuhuri chungu cha Nguchiro kikiiva, Ngiri huyo! Tifu! Tifu! Tifu! "Hodi, nimeshaingia!" Anakula chote, analamba mwiko, anaondoka. Watoto wa Nguchiro wanabaki kunusa chungu. Yule mdogo kabisa alifika mahali hata kulia hawezi.

"Leo kitabaki hapa hapa," Nguchiro akajiapia.

Mkewe akapika kunde za nazi. Tifu! Tifu! Tifu! "Hodi, nimeshaingia!"

"Karibu, kaka mkubwa! Zote zako."

Ngiri akabugia mwiko mmoja, glu! Kisha akasita. Jana katukanwa. Juzi katukanwa. Leo anaitwa kaka?

"Onja na wewe," akasema. Ndiyo desturi: mwenyeji huonja, mgeni ajue hajawekewa kitu.

"Mimi? Nimeshiba."

"Mkeo aonje."

"Nimefunga, shemeji."

"Na watoto?"

Watoto wakajificha nyuma ya mama yao.

Ngiri akanusa. Fu! Fu! "We kijitu, umenitilia nini humu?"

"Chumvi tu, wallahi." Na kweli, ilikuwa chumvi tu.

Jasho likamtoka Ngiri chururu.

"Mke wangu," Nguchiro akanong'ona, "kimeanza."

"Nini kimeanza?" Ngiri akaruka.

"Kiwewe, kaka."

"Ndiyo sumu gani hiyo?"

"Si sumu. Ni woga uliopita woga. Woga wa kawaida unakwambia, kimbilia kule. Kiwewe hakikwambii kitu. Mtu aliyeshikwa na kiwewe anaacha mlango anatokea ukutani, anakimbia mpaka anasahau anakimbia nini."

"Sina kiwewe mimi!" Ngiri akafoka, akatokea ukutani. Pwaa! Pakabaki tundu lenye umbo la ngiri, meno na yote. Mkia wima, akavuka mito, akavuka milima, akasimama: "Hivi nakimbia nini?" Hakukumbuka. Akaanza upya. Mpaka leo ndivyo anavyokimbia.

Watoto wakala kunde, matumbo yakawa ngoma. Yule mdogo akalia tena. Anataka nyongeza.

Funzo: msiwe wachoyo kama Nguchiro. Mgeni akija, mwachieni chungu kizima.

Hadithi imefika mlangoni. Ikiwa tamu, ni yangu. Ikiwa chachu, ni ya jirani.

Haya, msinitazame hivyo! Kitu kimoja nimekitunga: ule ujanja wa Nguchiro. Hakukataa kuonja kwa ujanja. Mkono ulimtetemeka, mwiko hauoni mdomo uko wapi. Kiwewe kilimshika yeye kwanza. Ngiri aliambukizwa tu.